Ajenti wa bima ya afya: je, komisheni yangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kisauni, Mombasa. Nilifanya mtihani wa COP, cheti cha kuuza bima, nikapata laisensi ya IRA, mamlaka ya kusimamia bima, sasa huu mwaka wa tatu nauza bima za afya za kampuni tofauti tofauti, sijaajiriwa, nakula komisheni tu, na alhamdulillah nyumba na karo inatoka humo. Juzi mjomba akanambia hiyo ni haramu tupu, nisiwalishe watoto. Tangu siku hiyo sina usingizi. Halafu kuna mzee mmoja mteja wangu ana sukari, tulipofika kwenye swali la maradhi kwenye fomu akanambia mwanangu hapo andika hapana, nami nikaandika. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Kwanza mwanangu tulia, mjomba ana hoja lakini "haramu tupu" amekaza mno.

Uajenti wenyewe hauna tatizo. Kazi ya kumuunganisha muuzaji na mnunuzi ukalipwa ujira wako ni samsara, na Imam Bukhari ameweka mlango mzima wa ujira wa dalali akataja kwamba wanachuoni wa mwanzo kina Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya. Kwa hivyo swali si wewe kulipwa komisheni, swali ni unauza nini.

Hapo ndo maulamaa wamegawanyika. Majmaa al-Fiqh ya OIC, yaani baraza la fiqhi la jumuiya ya nchi za Kiislamu, ilikaa Jeddah mwaka 1985 ikasema bima ya biashara ya kulipa premiamu (ada ya bima) maalum ina gharar kubwa, yaani unalipa na hujui utapata nini wala lini, kwa hivyo haifai, mbadala wake ni bima ya kusaidiana. Mwaka 2005 wakakaa tena Dubai wakaizungumza bima ya afya yenyewe, wakasema ukifunga mkataba moja kwa moja na hospitali kwa masharti yake yafaa, ama ukipitia kampuni ya bima ya biashara hukmu ni ile ile ya 1985. Upande wa pili yuko Sheikh Mustafa al-Zarqa wa Syria, mwanachuoni mkubwa si mtu wa kubeza, yeye aliruhusu bima kwa jumla. Mimi naegemea kwa wale wa Majmaa, lakini sithubutu kumwambia mtu aliyefuata kauli ya Zarqa kwamba analisha wanawe moto.

Kwako wewe nasema hivi, hamia takaful, ndiyo hiyo bima ya kusaidiana. Kenya iko, Takaful Insurance of Africa ipo tangu 2011, na laisensi yako uliyoisomea haipotei. Wewe ajenti huru, hujafungwa na kampuni moja, hiyo ni neema, mwenzako aliyefungwa hana pa kugeukia. Wateja wapya anza nao huko, wa zamani waeleze kila mmoja kava yake inapoisha. Sikwambii uache kesho asubuhi ukakope karo. Na ulichokula nyuma ukiwa hujui, Allah katika Suratul Baqara aya ya 275, na hapo anazungumzia riba ambayo ni nzito zaidi, amesema aliyefikiwa na mawaidha akakoma basi kilichopita ni chake.

Sasa nikwambie jambo mjomba hakulitaja, na mimi ndilo linaloniogopesha zaidi. Ulimi. Waweza kuuza takaful safi kabisa na pesa ikaingia uchafu kwa sababu ya ulimi. Qays bin Abi Gharaza anasimulia, na imo kwa Abu Dawud, kwamba wao sokoni walikuwa wakiitwa masamasira, madalali yaani, Mtume ﷺ akapita akawapa jina zuri zaidi, wafanyabiashara, kisha akawaambia biashara huingiwa na upuuzi na viapo basi ichanganyeni na sadaka. Angalia, ni nyinyi hasa mlioambiwa!

Upuuzi wa kazi yenu naujua maana nimeuziwa. Ajenti alikuja msikitini akatuambia kava inashika kila kitu, hakusema uzazi una miezi ya kungoja, hakusema maradhi uliyokuja nayo yana muda wake na kikomo chake, mke wangu amefika hospitali ndo tunaambiwa. Mtume ﷺ alitia mkono kwenye rundo la nafaka akakuta majimaji ndani, akamwambia mwenyewe kwa nini usiyaweke juu watu wayaone. Basi miezi ya kungoja ndo majimaji yako, yaweke juu, mwanzo kabisa, kabla ya kutaja bei. Na kama kampuni mbili moja yakulipa zaidi usimsukume mteja huko, yeye amekuamini wewe. Premiamu nayo mteja ailipe moja kwa moja kwa kampuni, isipite M-Pesa yako hata siku moja.

Usidhani ukweli utakufukarisha. Tuseme familia inalipa 80,000 kwa mwaka na komisheni ni asilimia 10, hiyo ni 8,000 kabla KRA, watu wa kodi, hawajakata chao. Familia mia zikirudi kila mwaka ni 800,000. Lakini zinarudi zile ulizoziambia ukweli, aliyekataliwa klaim, yaani madai yake ya malipo, harinyuu kava tena, na mtaa mzima utajua. Ukiweka akiba ikafika nisabu, kiwango cha kuwajibisha zaka, na ikapita mwaka wa kiislamu, toa zaka yake 2.5%, na sadaka juu yake kama alivyosema Mtume.

Nikija kwa mzee wa sukari. Hapa hakuna khitilafu ya maulamaa, huo ni uongo, na nyinyi wawili mmeshirikiana. Tena umemdhuru, maana siku akilazwa wakaona faili lake la zamani kampuni yaweza kukataa kulipa, na yeye miaka yote ametoa pesa. Nenda kwake wiki hii, usimpigie simu, nenda ukae naye. Mwambie tunarekebisha fomu, huenda premiamu ikapanda au sukari iwekewe muda wa kungoja, na akitaka kutoka ni haki yake. Akikataa usifanye naye rinyuo, na komisheni uliyopata kwake mtolee maskini. SHA yake, bima ya afya ya serikali, iendelee kulipwa, usimwache bila kitu.

Wallahu a'alam.