Kuhamisha rekodi za mwaloni kutoka CSV kwenda JSON

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini programu yako ya Python, inayokata kila mstari wa faili la CSV (maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma) penye koma, huchanganya safu ikifika katikati ya faili, na kama unaweza kupata JSON safi (muundo wa data ambao kila thamani ina jina lake) bila kusahihisha kwa mkono. Nakujibu kutokana na kazi niliyoifanya hapa Mwanza, nilipokabidhiwa rekodi za mwalo mmoja (pwani wanapotua wavuvi) wa Ilemela zilizochapwa kutoka kwenye madaftari na watu watatu tofauti.

Kinachokuangusha ni split, ile amri ya kukata maandishi penye alama uliyoitaja. Tazama mstari huu, wenye safu za tarehe, aina, ndoo, bei na saa:

14/03/2022,"Dagaa, wabichi",22,"18,000",saa 12 asubuhi

Ukiukata penye koma unapata vipande saba badala ya vitano, na idadi ya ndoo inahamia kwenye safu ya bei. Programu hailalamiki, kwa kuwa 22 ni namba halali popote itakapokaa, na hapo ndipo hatari ilipo. Moduli ya csv, yaani kifurushi cha amri za kusoma mafaili hayo, ambayo imo ndani ya Python tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, inaelewa kwamba koma iliyofungwa ndani ya alama za nukuu ni sehemu ya maandishi. Fungua faili kwa newline='' na encoding='utf-8-sig', kisha lisome kwa csv.DictReader. Usiiache hiyo utf-8-sig, kwa sababu Excel ikihifadhi CSV ya UTF-8 hutanguliza alama isiyoonekana, na utapata KeyError, yaani kosa la kutopatikana kwa jina la safu, kwenye "tarehe" ilhali neno lenyewe unaliona kwa macho yako. Mstari wenye vipande vya ziada, DictReader huviweka chini ya ufunguo None. Mimi kila mstari wa namna hiyo niliuweka kando pamoja na line_num yake, yaani namba ya mstari, nikarudi daftarini kuuangalia.

Moduli hii hukupa kila kitu kikiwa maandishi, nami naona ni jambo jema, kwa maana uamuzi wa kugeuza unabaki kwako. Namba ya simu iache ilivyo, la sivyo int, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba kamili, itaimeza sifuri ya mwanzo. Bei iondolee koma ndipo uigeuze.

Saa ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko vyote. Saa 12 asubuhi ni 06:00 na saa 4 usiku ni 22:00, kwa hiyo kanuni inategemea neno linalofuata namba, na maktaba za tarehe nilizozijaribu zilisoma 12 kuwa adhuhuri. Niliandika fomula fupi ya kuongeza saa sita, nikadhani nimemaliza, hadi nilipoona mitumbwi iliyorudi na samaki kabla ya kuondoka. Mzee anayeshika daftari alinieleza kwamba "saa 8 usiku, tarehe 14" kwake ni usiku ulioanza jioni ya tarehe 14, yaani 02:00 ya tarehe 15. Hakukosea hata kidogo. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza kabla ya kuandika fomula.

Angalia pia nafasi tupu. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, na mbalamwezi ikiwaka sana hupumzika, kwa hiyo kila mwezi kulikuwa na siku kadhaa zisizo na kiasi chochote. CSV haitofautishi "hatukutoka" na "tulitoka tukakosa". Vyote viwili hukujia kama maandishi matupu. Mara ya kwanza nilijaza 0, wastani wa mwalo ukashuka bila sababu. JSON ina null, yaani alama ya kutokuwa na thamani, basi itumie kwa siku ambazo hakuna aliyetoka, na 0 ibaki kwa wale waliorudi mikono mitupu, hata kama itakulazimu kukaa na mwenye daftari mchana mzima.

Unapoandika faili la mwisho, weka ensure_ascii=False kwenye json.dump. Majina ya mitumbwi yenye ng’, yakiwa yamechapwa kwa ile koma ya juu iliyopinda, yalitoka kwangu yakiwa na \u2019, msimbo wa koma hiyo, katikati, na wenye mitumbwi hawakuyatambua.

Tuwekee hapa mistari mitano ya faili lako, ukiwa umefuta namba za simu, hasa ile yenye safu ya saa.