Idadi ya matofali ya ukuta wenye lango

Kwa ukuta wa urefu wa mita 10 na kimo cha mita 2, ondoa kwanza nafasi ya lango, ambayo kwa upana wa mita 3 hupunguza mita 6 za mraba na kukuachia 14. Tofali la saruji la milimita 440 kwa 215, likijengwa kwa kiungo (nafasi ya saruji na mchanga kati ya tofali na tofali) cha milimita 10, huchukua eneo la milimita 450 kwa 225, yaani takriban matofali 10 kwa kila mita ya mraba. Hivyo unahitaji 140, na ukiongeza asilimia 5 kwa ajili ya yatakayovunjika au kukatwa, nunua 147.

Udongo wa kujengea, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga wa viungo hivyo, ndio huwapotosha wengi, kwa sababu mchanga na saruji vikichanganywa na maji hupungua ujazo, kwa hiyo vifaa vikavu vikadiriwe zaidi ya ujazo wa viungo kwa takriban theluthi moja. Msingi na nguzo za lango, ambazo nakusihi sana usizisahau, vipigiwe hesabu peke yake, pamoja na usafiri na ufundi.