Ndani ya bakteria wa utumbo

Swali: Mhariri, kwa hadubini ya skuli yetu hapa Wete, bakteria wa utumbo huonekana kama vijiti vitupu. Je, ndani hamna kitu?

Jibu: Vimo vingi, mwanangu. Mwanga hautenganishi vitu vilivyokaribiana kwa chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali unene wa utando wa bakteria haufiki hata 10. Ndiyo sababu hutumika hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, ambayo wahandisi Ernst Ruska na Max Knoll waliiunda Berlin mwaka 1931. Seli huhifadhiwa kwa dawa, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa chumvi za metali nzito, na hapo Escherichia coli, mmoja wa bakteria hao wa utumbo, hudhihirisha tando mbili, ukuta mwembamba kati yake, na ribosomu, yaani chembe zitengenezazo protini, zilizotapakaa. Inasikitisha kwamba uzuri huo huonekana katika seli iliyokwisha kufa.