Ripoti haiandikwi kwa simu: kwa maafisa probesheni mlioripoti mwaka huu

Wiki iliyopita nimemkuta kijana wetu mmoja, hata miezi mitatu hajamaliza, ameegemea kiti, simu sikioni, anaandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile ambayo hakimu huiomba kabla ya kutoa adhabu ili ajue mshtakiwa anaishije na kama anafaa kutumikia nje ya gereza. "Mwenyekiti, huyo mnamfahamu? Tabia yake? Haya, asante." Dakika 4, kazi imekwisha. Hakimu kaitaka Jumatatu, kijana kaipeleka Jumatatu, na macho yake yanataka sifa.

Sikumsifu. Sikumgombeza pia. Nilitoka nje nikaagiza chai, maana niliyemwona pale kwenye kile kiti ni mimi. Basi someni, wadogo zangu, hata kama mna haraka.

1. Ninyi si askari. Tuko Mambo ya Ndani, kwa hiyo mitaani kila mtu atakuita afande, na najua mnavyolifurahia hilo jina. Likataeni. Mtu akishakuita afande hatakwambia ameshindwa kuripoti kwa kukosa nauli, atakwambia alikuwa anaumwa. Na gari la serikali, lile la namba za STK, liacheni barabara kuu, mtembee. Likisimama mlangoni kwa mtu, mtaa mzima umeshamhukumu upya.

2. Mnatoka chuo mnalijua Azimio la Kadoma la 1997, lile la Zimbabwe kuhusu huduma kwa jamii, kama sala, lakini ndugu wa mfungwa akiuliza swali mnachanganya madawa. Huduma kwa jamii, yaani kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kukaa gerezani, inaamriwa na mahakama, kwa sheria ya Tanzania ya 2002, pale kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3. Parole, yaani kutoka mapema kwa masharti, ni ya bodi, kwa sheria ya 1994, na inamhusu aliyeko gerezani tayari. Msamaha ni wa Rais. Kila ikikaribia Desemba 9 wazazi wanajaa ofisini kuuliza kama jina la mtoto limo. Hulijui. Sema hulijui. Mwenzenu mmoja alimjibu mama wa watu, "nitafuatilia", mama akaenda kununua kuku wawili wa kumpokelea mwanawe. Mwanawe amefungwa miaka 30, unyang'anyi wa kutumia silaha.

3. Ripoti. Hapa mnivumilie.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, masika. Mama mmoja wa makamo alikutwa na gongo lita 5, akakiri kosa, hakimu akaomba ripoti kabla ya adhabu. Mama akabaki nje kwa dhamana, mimi nikapewa siku 7. Kitongoji chake kilikuwa ng'ambo ya mto. Bodaboda wa pale stendi akaniambia daraja limefunikwa na maji. Labda lilifunikwa kweli, sikwenda kuangalia. Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji, naye hakusita: "Huyo hana kwake hapa, anahamahama tu."

Nikaandika: "Mshtakiwa hana makazi ya kudumu wala mtu wa kumdhamini kitabia, hivyo hafai kutumikia adhabu nje ya gereza." Niliipenda sentensi ile. Hakimu aliisoma kwa sauti, nami nikaketi wima. Miezi 6.

Miezi miwili baadaye tukaenda gerezani kupitia orodha ya wafungwa wanaoweza kumalizia adhabu nje kwa huduma kwa jamii. Jina lake lilikuwemo. Akaja, akachuchumaa kama wanavyofanya wote, nikaanza kujaza fomu. Kufika kwenye makazi, akataja kitongoji kilekile, nyumba ya bati yenye mwembe, kaburi la mumewe liko ubavuni. Nikaacha kuandika.

"Nilikusubiri, baba," akasema. "Karani aliniambia mtu wa ripoti atakuja. Nikafagia uwanja, nikaazima kiti kwa jirani maana changu kimevunjika mguu. Nikakiweka chini ya mwembe siku tatu, jioni nakiingiza ndani kisinyeshewe. Siku ya nne jirani akapata wageni, akakichukua."

Hakunilaumu. Aliuliza tu kama nilipotea njia.

Yule mwenyekiti, nilikuja kujua, alikuwa na kesi naye baraza la kata, mgogoro wa mpaka wa shamba. Jambo hilo jirani yeyote angenieleza kabla sijamaliza kusalimia. Wajukuu wawili aliokuwa akiwalea kwa hiyo hiyo gongo walihamia kwa jirani mwenye kiti. Ukitoa punguzo la theluthi, mama alikuwa amebakiza miezi miwili tu. Makaratasi yetu yakala wiki 3. Zilizobaki alizitumikia zahanati, saa 4 kwa siku, na sikuwahi kuona zahanati inayong'aa namna ile. Nilimwomba radhi pale pale, ameshika fagio. Akanijibu, "Ile mvua ilikuwa kubwa." Ananitetea yeye! Heri angenitukana.

Kwa hiyo: nenda mwenyewe, zungumza na majirani wawili ambao mwenyekiti hakukuchagulia, na msikilize aliyekosewa naye.

4. Daftari la mahudhurio. Msimamizi wa kituo, pale mtu anapotumikia huduma kwa jamii, ni mwalimu mkuu au mganga mfawidhi, ana shughuli zake, kwa hiyo mwisho wa mwezi anakaa chini na kutia saini siku zote kwa mkupuo. Mtaijua hiyo kazi: wino mmoja, mlalo mmoja, na mkono unavyochoka ndivyo saini inavyofupika, kufikia tarehe 28 imebaki mkia tu. Nimewahi kukagua daftari ambalo kijana wa watu amefagia shule siku ya Idi, kwa muda wa saa 4 kamili. Kumbe kijana alikuwa hafagii hata shule yenyewe, analima bustani ya mchicha nyumbani kwa mkuu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Afande, kwani mchicha si wa serikali?" Mnaona hilo neno afande lilivyorudi? Tembeleeni vituo bila kupiga hodi kwa simu.

5. Kituo kiwe karibu na anakoishi. Anayeuza sokoni asubuhi mpangie mchana, maana akikosa mtaji atarudi kwenye kilichomfikisha mahakamani, nawe utaandika "amekaidi amri".

6. Mweleze masharti kwa maneno yako, kisha mwambie akueleze yeye. Kile kichwa anachotingisha mbele ya hakimu hakina maana yoyote, anaogopa.

Ya 7 ilikuwa kuhusu takwimu za robo mwaka, lakini hizo mtakumbushwa na mkoa mpaka mchoke.

Yule kijana wa simu nimemwambia ripoti aiondoe kwa karani, tuombe tarehe nyingine, na kesho tunakwenda wote huko kitongojini. Swali lake la kwanza: posho ipo? Haipo. Aje na viatu vya matope.