Biskuti za Kumsubiri Mama

SWALI: Mke wangu amesafiri kikazi kwa siku 12, nami nimebaki na watoto wetu wawili, binti wa miaka 6 na mdogo wake wa kiume wa miaka 3. Mama yao huoka nao kila mwisho wa juma, na sasa wamenishikilia tuoke keki ambayo ataikuta mezani siku atakaporudi. Mimi sijawahi kuoka chochote. Juzi nilipoanza kupima unga, binti yangu alisema, “Mama hafanyi hivyo,” kisha akalia. Je, niendelee au nimsubiri mwenyewe arudi?
Baba wa Wawili

JIBU: Ndugu Baba wa Wawili, okeni, ila si keki. Keki ya mwanafunzi huweza kudidimia katikati kwa sababu tu mlango wa oveni ulifunguliwa mapema, na sidhani kama binti yako ana nafasi ya huzuni nyingine kwa sasa. Anzeni na biskuti za siagi, ambazo hazihitaji mayai wala kitu cha kuumulia: gramu 300 za unga wa ngano, gramu 200 za siagi iliyolainika na gramu 100 za sukari. Changanyeni siagi na sukari kwanza, kisha ongezeni unga na kukanda mpaka ushikane, bila kuukanda kupita kiasi, kwani biskuti zitakuwa ngumu.

Kuhusu yale machozi, sidhani kwamba kosa lilikuwa katika upimaji wako. Mtoto aliyezoea kufanya jambo na mama yake hulinda namna ya mama yake ya kulifanya, kwa kuwa ndiyo sehemu ya mama iliyobaki nyumbani. Mwombe basi akufundishe. Mwulize mama huanza na nini, hutumia bakuli lipi, na umwachie mizani aisome mwenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka 6 anaweza kuzisoma namba hizo. Pale ambapo maelezo yake hayapatani na vipimo nilivyokupa, mwambie kwamba hizi ni biskuti za baba. Mdogo wake mpe kazi ya kumimina sukari iliyokwisha kupimwa na kubonyeza donge kwa viganja. Atamwaga kiasi, na hilo lihesabu mapema.

Msifanye yote kwa siku moja, hasa jioni, wakati watoto wamechoka na wana njaa. Siku ya kwanza kandeni, mfunike donge na kuliweka kwenye jokofu. Siku ya pili lisukumeni na kukata maumbo kwa mdomo wa kikombe. Okeni kwa nyuzi 170 za Selsiasi, dakika 15 hadi 20, mpaka kingo zianze kubadilika rangi. Kuingiza na kutoa trei ni kazi yako peke yako, na kwa kuwa huna mtu mzima wa pili wa kumshika mdogo, mkalishe kitini mbali na oveni kabla hujafungua mlango wake. Wazuie pia wasilambe donge bichi. Wengi hudhani hatari imo katika mayai tu, lakini hata unga wa ngano usiopikwa huweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha.

Sasa ile ahadi ya kuikuta mezani. Safari huchelewa, na keki iliyookwa kwa ajili ya Jumamosi huwa imekauka Jumatatu, nao watoto watakuwa wameitazama siku zote hizo. Badala yake, tengeni theluthi ya biskuti hizo, mzipange kwenye sahani na kuzigandisha zikiwa mbichi. Zikishakuwa ngumu, zitieni katika mfuko uliofungwa vizuri na kuuacha kwenye friza. Mama akifika, awe amewahi au amechelewa, zitaingia oveni moja kwa moja, kwa dakika chache zaidi ya zile za kwanza, naye atazioka pamoja na wanawe, jambo ambalo nadhani atalipenda kuliko kukabidhiwa keki iliyokwisha kukamilika bila yeye. Zilizobaki zileni nyinyi watatu bila kungoja.