Mkongo wa baharini na tetemeko la Kagera

Ndugu, umeuliza kama mkongo wa intaneti unaoingia nchini kupitia Bahari ya Hindi ungeweza kutuonya sisi wa Mwanza kabla ya tetemeko kama lile la Kagera la Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9. Kwa lile, hapana: lilianzia nchi kavu, magharibi ya Ziwa Victoria, mbali mno na pwani. Mbinu yenyewe ya kutumia mkongo kuhisi tetemeko, hata hivyo, haihitaji maji ya chumvi. Mtambo hurusha mwanga wa leza ndani ya uzi wa kioo (faiba) ulio ndani ya mkongo, kisha hupima sehemu ndogo ya mwanga inayorudi, ambayo hubadilika uzi unapovutwa japo kidogo sana na mtikisiko wa ardhi. Mwanga huo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, ilhali mawimbi yanayobomoa nyumba huenda kilomita tatu hadi nne tu. Hivyo faiba iliyofukiwa kandokando ya barabara za Kagera ingeweza kuipa Mwanza onyo la nusu dakika au zaidi, ingawa ingesikia pia kila lori linalopita (na malori huku hayaishi), jambo linalodai programu ya kuchuja kelele. Bukoba kwenyewe, palipobomoka nyumba nyingi, wangepata sekunde chache mno.