Umeacha Uhasibu, Unataka Usanifu wa Michoro: Anza na Chupa ya Karafuu

Kabla hujajaza fomu ya kuhama kozi, nenda kwa msajili wa chuo ukaulize ni masomo mangapi uliyofaulu yatakayohesabiwa kwenye kozi mpya. Kama unasoma kwa mkopo, iulize na bodi ya mikopo. Majibu yote yadai kwa maandishi. Wengi huhama kwanza, wakaja kuuliza ada ikishadaiwa.

Ulichokisoma hakijapotea. Mhasibu anajua jadweli, basi taarifa za mwaka na orodha za bei zitamtoka safi kuliko wengine. Aliyetoka baiolojia atachora mwani na matumbawe yakawa mwani na matumbawe kweli, na sabuni za mwani zinazouzwa Paje na Jambiani, Unguja, zinahitaji mtu wa namna hiyo.

Mwajiri ataka kuona kazi. Nne zinatosha, na moja iwe lebo ya chupa ya viungo, maana hiyo humfundisha mtu karibu kila kitu. Chupa yenye kipenyo cha sentimita 6 ina mzunguko wa milimita 188 na kidogo. Ongeza milimita 5 za kupandiana, kisha hakikisha kwa kuizungushia ukanda wa karatasi, kwani chupa za dukani hazilingani. Rangi ya nyuma ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani ya mstari huo kwa milimita 3 au zaidi. Kisu cha mkataji huhama, na bila nafasi hiyo utapata mstari mweupe pembeni au herufi iliyokatwa.

Rangi ndiyo inayoliza wengi. Kioo cha kompyuta hutoa mwanga, mashine ya chapa hutumia wino wa rangi nne, kwa hiyo kijani kile kinachong'aa hutoka kimefifia. Programu ya Inkscape ni bure na nzuri kwa kuchorea, lakini faili la chapa ni bora ulimalizie Scribus, programu ya kupangia kurasa, nayo ni bure, ukilitoa kwa CMYK, yaani zile rangi nne za wino. Chapisha nakala moja, itazame nje juani, ndipo uagize 500. Herufi nyembamba nyeupe juu ya rangi nzito huzibwa na wino; zinenepeshe.

Picha anayokuletea mteja iwe na pikseli 300 kwa inchi katika ukubwa wake halisi. Akikutumia WhatsApp kama picha ya kawaida itabanwa na kupoteza ubora. Mwambie aitume kama hati.

Kazi ya pili iwe kanga. Pindo pande zote nne, mji katikati, jina chini. Hapo utajua kama unaweza kupanga vitu vitatu bila kimoja kumeza chengine. Jina likiwa refu usilibane herufi. Tafuta maneno machache.

Bei mkubaliane kabla ya kazi: nusu mbele, masahihisho mara mbili, faili la asili, lile linaloharirika, baada ya malipo kukamilika.

Na wakati wa kuzifuata hoteli kutafuta kazi ni masika, Machi hadi Mei. Wageni ni wachache, meneja ana nafasi ya kukaa nawe, na menyu na vibao vinatakiwa viwe tayari kabla msimu haujafunguka Juni.